Abiria Asiyesafiri

Kazi ya Dorika ilikuwa kukaa.

Alikaa ndani ya Hiace, kiti cha nyuma ya dereva, upande wa dirisha, mfuko mkubwa mapajani, akitazama mbele kama mtu anayewahi msiba. Watu wa Kahama hawapandi gari tupu. Stendi imeshawafundisha: gari tupu ni la kushinda humo mpaka lijae, na likijaa bado litamsubiri mmoja wa kukalia ndoo. Kwa hiyo wapiga debe wa njia ya Nyahanga waliweka watu wao ndani, ili gari lionekane limekaribia kuondoka. Mpita njia akichungulia anaona vichwa, anapanda. Akishapanda yule wa kweli, mmoja wa uongo anashuka kama anakwenda kununua maji, anazunguka nyuma ya vibanda vya chipsi, anaingia gari linalofuata. Stendi nzima iliwaita chambo.

Dorika alikuwa chambo kuliko chambo wote. Wengine walikuwa vijana wa kijiweni, wanacheka ovyo, na sura zao zimeshazoeleka. Yeye alikuwa na uso wa mtu aliyeshuka kutoka kijijini Didia asubuhi ileile. Alikuwa na aibu. Akisemeshwa aliinamisha kichwa, akachezea mkanda wa mfuko, na mtu akamwonea huruma badala ya kumshuku. Ndani ya mfuko hamkuwa na kitu ila viroba vilivyokunjwa.

"Huyu shemeji yangu," Magesa aliwaambia wenzake huku akipiga bodi ya gari kwa kiganja, "mkimkalisha kwenye jeneza, watu watauliza kama kuna nafasi."

Walicheka. Magesa ndiye aliyekuwa mkubwa wa wapiga debe wa njia ile, na alikuwa mume wa dada yake, Coletha. Hakumwita Dorika kwa jina. Alimwita Bubu.

Nyuma yao malori ya kwenda Rwanda na Burundi yalipiga honi yasipite, kwa kuwa Hiace tano zilikuwa zimesimama nusu ya barabara zikisubiri kujaa. Bajaji zilijipenyeza, guta la magunia ya mchele likakwama katikati, mwenye guta akamtukana mwenye bajaji mama yake. Kila siku ilikuwa hivyo. Mji umejaa watu, wa dhahabu, wa mpunga, wa kila kitu, na wote wanataka kupita pale Magesa alipoegesha.

Siku moja mama mmoja mwenye tenga la nyanya alimkazia macho Dorika kupitia dirishani.

"Wewe. Si ndiye niliyekukuta kwenye gari la asubuhi? Ukasema unakwenda kwa mgonjwa?"

Dorika aliinama.

"Nakuuliza! Mgonjwa wako yuko humu stendi?" Yule mama aligeuka kwa abiria wengine. "Jamani, huyu binti haendi popote! Huyu amewekwa! Tumekaa humu tunaiva kama maboga kumbe tunangojea watu wasiokwenda!" Kisha akatema mate chini, karibu kabisa na mlango. "Huoni haya, msichana mzima? Kazi ya makalio!"

Wengine waliguna, mmoja akamsonya. Hakuna aliyeshuka, maana walishalipa nauli. Edson, msaidizi wa Magesa, alimvuta Dorika mkono akamtoa, akamsukuma nyuma ya vibanda. "Umechoma gari, umetuumbua," alimwambia. "Kesho vaa kitenge kingine."

Dorika alisimama pale, harufu ya mafuta ya chipsi ikimwingia puani, akawa anawachukia wote. Alimchukia Edson, akamchukia Magesa, akamchukia na yule mama wa nyanya aliyesema kweli. Chuki yake ilikuwa kama aibu yake, haikutoka mdomoni.

Kitu alichokitaka kilikuwa kimoja. Mbele ya Nyahanga, mahali njia inapoishia, watu wanapaita Mwisho wa Lami. Pale kulikuwa na chumba cha cherehani cha Mama Otmar, mwanamke mnene wa Ushirombo asiyecheka na mtu. Mchana alifundisha wasichana kushona, na nyuma ya chumba alikuwa na bweni la wale waliokwisha kujua kola na mifuko, ambao aliwapa kazi ya sare za shule. Dorika aliishia darasa la tano, baba yake alipomtoa akachunge. Cherehani haikumuuliza darasa. Mguu wake uliipenda, mshono wake ulinyooka. Na kile kiti cha mbele ya cherehani kilikuwa kiti cha kwanza alichowahi kukalia bila mtu kuja kumwambia shuka.

Ila alichelewa. Magesa alimwachia mchana, watu wanapopungua, na yeye akapanda Hiace kama abiria wa kweli, na Hiace ikangoja kujaa. Kwa miguu palikuwa mbali mno, bodaboda hakuiweza. Alifika wenzake wameshakata vitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechelewa."

"Gari, mama."

"Kila siku gari. Gari lina chuki na wewe?" Mama Otmar hakuinua macho. "Mlango wangu unafungwa. Ukikuta umefungwa, usigonge, kiti chako nimempa mwingine. Na bweni usiliulizie. Kitanda ni cha anayewahi."

Dorika alijua ni nani aliyekuwa akilichelewesha gari. Ni watu kama yeye.

Ndipo yakaja mabasi ya saa.

Yalikuwa mabasi madogo ya buluu, na ubavuni yamechorwa saa nyeupe. Gari la matangazo lilizunguka mitaani likieleza: mabasi haya yataondoka kwa saa, yakiwa yamejaa au hayakujaa. Yatasimama vituoni tu, dakika chache, basi. Hayatakaa barabarani. Ni majaribio mpaka Jumamosi ya wiki inayofuata. Watu wakiyapanda, yataongezwa, na Hiace zitaondolewa katikati ya mji. Wasipoyapanda, yatarudi yalikotoka.

Stendi ilikasirika siku hiyohiyo. Mtu aliyapaka mabasi kinyesi cha ng'ombe kwenye vioo. Mwingine alimrushia dereva chupa ya mkojo. Dereva huyo aliitwa Boaz, mtu wa Geita, aliyewahi kuendesha malori ya mawe machimboni, na hakuwa mtu wa kutishika. Alifuta shati, akaangalia saa yake, akawasha gari, akaondoka na viti vitupu.

Viti vilikuwa vitupu kweli. Hilo ndilo lililomfurahisha Magesa. Watu walilia siku zote kwamba Hiace zinawapotezea muda, na sasa basi limekuja, tupu, safi, linaondoka, nao wanalitazama tu. Walichungulia mlangoni, wakaona hakuna mtu, wakarudi kwenye Hiace yenye vichwa.

"Basi la majini hilo!" Edson alipiga kelele kila lilipopita, akilisalimia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, majini! Tusalimieni wazee wetu!"

Dorika alilipanda. Hakumwambia mtu. Mchana alizunguka mpaka kituo cha nyuma ya sheli, ambako watu wa stendi hawaonekani, akaingia peke yake, akakaa. Boaz alimtazama kwenye kioo.

"Unakwenda kweli, au umetumwa?"

"Nakwenda."

"Haya." Mshale wa saa ulipofika mahali pake, basi liliondoka. Hakuna aliyepiga bodi, hakuna aliyepayuka. Dorika alishtuka kidogo, mikono yake ikakamata mfuko. Maisha yake yote ya mjini hakuwahi kuona gari linaondoka bila kiganja cha Magesa.

Alifika kwa Mama Otmar akamkuta bado anafungua madirisha. Mama Otmar alimtazama toka utosini hadi kwenye ndala, akasema, "Usije ukanizoea," akampa kitambaa.

Akawahi na kesho yake, na keshokutwa. Alishona kola yake ya kwanza. Mama Otmar aliivuta huku na huku kama anataka kuichana, kisha akaitupa kwenye meza. "Bweni kuna kitanda kimoja," alisema. "Ukiwahi mpaka mwisho wa mwezi, tutaona. Ukichelewa mara moja, sikujui."

Kwa hiyo Dorika alihesabu siku za majaribio kwa hofu kuliko dereva. Basi likiondoka mjini, na kitanda kimeondoka.

Ijumaa jioni Magesa aliita watu nyumbani kwake. Coletha alipika michembe ya viazi na chai, wapiga debe na chambo wao wakajaa uani, wengine wamekalia ndoo, wengine ngazi ya mlango. Dorika alikuwa akipitisha vikombe.

"Kesho ndiyo mwisho," Magesa alisema. "Wakubwa wenyewe wa ofisini wanakuja, watakaa Mwisho wa Lami waone basi linafikaje. Nasikia kuna maneno ya kuwaongezea muda, ati watu bado hawajazoea. Sasa kesho nataka waone basi tupu mpaka waone aibu."

"Si liko tupu kila siku?" Edson aliuliza.

"Kesho ni siku ya gulio. Watu ni wengi, wapo watakaojaribu. Kwa hiyo tunalijaza sisi. Alfajiri, stendi, linapofungua mlango tu, chambo wote ndani. Wote! Kila kiti. Mtu wa gulio akija anaambiwa limejaa, anakuja kwetu. Likikaribia kuondoka, tunashuka wote kwa mkupuo, kama tunavyoshuka siku zote. Linaondoka na viti na upepo wake."

Uani kulilipuka kwa vicheko. Mzee mmoja wa chambo alipiga paja lake, "Gete! Gete kweli, Magesa, wewe ni shetani!"

"Na tutajuaje linakaribia?" mmoja aliuliza.

"Edson atakuwa nje. Atapiga bodi mara mbili. Wewe umeanza leo kazi hii?"

Dorika alisimama na birika mkononi. Aliliona lote mara moja, kama mtu anavyoliona shimo ambalo wenzake wanalielekea wakipiga soga. Watu hawa walikaa kwenye magari mwaka mzima, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa kwenye gari linaloondoka lenyewe. Kwao gari haliondoki mpaka kiganja kipige bodi. Boaz hakuwa anasikiliza bodi ya mtu.

Tena watu wa gulio wakiona vichwa dirishani hawataliacha. Watakimbilia vituo vya mbele kuliwahi. Nani asiyejua hilo? Ndiyo kazi yao wenyewe.

Magesa alinyoosha shingo. "Bubu! Mbona umeganda? Una la kusema?"

Uani wote walimtazama kwa mzaha, wakisubiri ainame. Coletha alisimama mlangoni na sufuria. Dorika aliona macho ya dada yake yakimwomba asiharibu kitu.

"Hapana, shemeji," alisema. Akammiminia chai.

Asubuhi basi la buluu lilifungua mlango, wakalivamia. Walijaza kila kiti, wengine na watoto wa kuazima. Magesa mwenyewe alikaa mbele, jirani na mlango, miguu ameinyoosha njiani. Dorika aliwekwa dirishani, mahali pake, na mfuko wake wa viroba. Watu wa gulio walikuja na kuku na majembe, wakachungulia.

"Limejaa, mama, limejaa," Magesa aliwaambia kwa sauti ya upole. "Nendeni kwenye Hiace."

"Kumbe linajaa?" mama mmoja alimwambia mwenzake. "Ina maana ni zuri hili. Twende kituo cha sheli, labda wengine watashuka."

Wakaondoka mbio, wakawaita na wengine. Magesa hakusikia. Alikuwa akimdhihaki Boaz.

"Dereva! Leo una wateja, mbona hufurahi?"

"Nafurahi," Boaz alisema. Aliangalia saa yake.

Nje, Edson alikuwa ameegemea meza ya maandazi, akimwambia binti wa maandazi jambo lililomchekesha yeye mwenyewe. Mlango ulifungwa. Basi likaondoka.

Mwanzoni hakuna aliyeamini. Walikaa tu, kila mtu akisubiri bodi ipigwe. Kisha Edson akaonekana dirishani, anakimbia, andazi mdomoni, anapiga bodi kwa viganja vyote viwili, na basi linamwacha.

"Shusha!" Magesa alisimama. "We dereva, shusha watu!"

"Kituoni."

"Nimesema shusha! Hawa hawasafiri!"

"Basi wamepanda kufanya nini?" Boaz aliuliza, na hakugeuka. "Kaa chini, mzee. Utaanguka."

Wakapayuka, wakapiga vioo, mtoto wa kuazima akaanza kumlilia mama yake halisi aliyebaki stendi. Kituo cha sheli kilikuwa kimejaa watu. Walikuwa wameliona basi likija na vichwa hadi mlangoni, wakasimama pembeni ya barabara wanapunga mikono. Mlango ulipofunguka chambo walimwagika chini wakitukana, na watu wa gulio wakapanda juu yao, kuku mbele. Magesa alisukumwa nje na tenga. Lilikuwa la nyanya, na aliyelibeba alikuwa mama yuleyule.

Dorika hakuinuka.

"Bubu!" Magesa alikuwa chini, chini ya dirisha lake. Shati limemtoka. "Shuka!"

Basi lilikuwa limeshajaa tena, la watu wa kweli. Yule mama wa nyanya alikaa kando ya Dorika, akamtambua, akavuta pumzi ya kusema. Dorika aliuona mdomo wake unafunguka.

"Shuka, nasema! Unashuka au hushuki?"

"Leo nasafiri, shemeji," Dorika alisema.

Hakupaza sauti, lakini kioo kilikuwa wazi. Magesa alimtazama, kisha akatazama saa nyeupe ubavuni mwa basi, kisha akamtazama tena yeye, na uso wake ukabadilika pole pole.

"Ulijua," alisema. "Jana ulijua."

Mlango ulifungwa.

Mwisho wa Lami mabwana wa ofisini walikuwa wamekaa chini ya turubai. Waliona basi likifika limejaa. La pili likafika limejaa. Hawakujua kwa nini, na hakuna aliyewaambia. Mama Otmar alimkuta Dorika amekaa kizingitini tangu asubuhi, akamfokea kwamba hapa si kijiweni, akamtuma maji.

Jioni Dorika alirudi kuchukua nguo zake. Alipita stendi. Hiace zilikuwa zimepangana tupu, milango wazi, na wapiga debe wamekaa juu ya matairi hawapigi debe. Asubuhi, gulio lilipochemka, hapakuwa na chambo hata mmoja wa kuzijaza vichwa, wote walikuwa wakirudi kwa miguu juani, na watu wa gulio wakazipita wakielekea kwenye mabasi ya buluu. Edson alimwona. Alichukua ganda la ndizi akamtupia, likampiga mgongoni. Wengine wakaanza kupiga miluzi.

Coletha alikuwa mlangoni. Hakumkaribisha ndani.

"Anakutafuta," alisema. "Akikukuta hapa atakuvunja."

"Nimekuja kuchukua nguo, dada."

"Nilikutoa Didia mimi. Nikakulaza kwangu. Watoto wangu watakula hiyo saa yako?"

Coletha aliingia ndani, akatoka na nguo zimekumbatiwa kifuani, akaziachia zikadondoka vumbini. Kisha akachukua ule mfuko mkubwa begani kwa mdogo wake, akaugeuza, viroba vikamwagika uani. Akautupa juu ya nguo.

"Usije kwenye misiba yangu," alisema, akafunga mlango.

Dorika alipiga magoti akapanga. Kitenge, sketi mbili, shuka, kola aliyoishona. Mfuko haukujaa vizuri kama ulivyojaa viroba, ila ulikuwa mzito.

Kituo cha sheli, basi la mwisho kabla ya Mama Otmar kufunga geti lilikuwa limeshafungua mlango. Jua lilikuwa limeanza kushuka nyuma ya majengo. Ndani hapakuwa na mtu. Boaz alimwona na mfuko, akaona vumbi magotini mwake.

"Wamesema tuendelee," alisema. "Wale wa ofisini."

Dorika aliitikia kwa kichwa, akakaa dirishani. Kitanda hakikuwa chake bado. Huenda Mama Otmar atamwambia alale kwenye sakafu ya chumba cha cherehani, huenda atamwambia arudi alikotoka.

Mzee mmoja mwenye fimbo na koti la mvua alichungulia mlangoni, akaangalia viti vitupu, akamwangalia yeye peke yake pale, akakunja uso.

"We binti. Nawajua nyie. Hili linaondoka, au na wewe umewekwa?"

Dorika aliinamisha kichwa, akaukamata mkanda wa mfuko. Kisha akauinua mfuko kutoka kiti cha kando na kuuweka mapajani, ili mzee apate pa kukaa.

"Panda, babu," alisema. "Halikungoji."